Mtamba wa Adui

Nilistaafu uinjilisti msimu wa machungwa uliopita, na tangu hapo kila mwinjilisti kijana anayepita Muheza hunikuta barazani na swali lile lile: Mama, wewe ulifanyaje na watu waliogombana? Nimechoka kujibu kwa mdomo. Naandika mara moja, msome, halafu mkija tena tuzungumzie mambo mengine, kama magoti yangu.

Sitaeleza nilivyopanda ngazi, kwa sababu mwinjilisti hana ngazi. Unaanza mwinjilisti, unamaliza mwinjilisti, na hapo katikati unahamishwa mtaa kila unapoanza kuzoea maji ya mahali. Posho yetu mnaijua, tusiharibu karatasi. Mchungaji ana usharika mzima, wenye mitaa mingi, na huja mtaani siku ya Meza ya Bwana. Mwinjilisti ndiye anayekaa na watu siku nyingine zote, wakiwa wazuri na wakiwa wabaya, na kabla mchungaji hajafika ni juu yake kuhakikisha waliogombana wamepatana. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ninayotaka kuisema.

Mtaa wangu wa kwanza ulikuwa nje ya Maramba, pembezoni mwa shamba la mkonge. Siku niliyoripoti, wazee wa kanisa walikuja kunipokea barabarani. Waliniamkia vizuri, wakachukua begi langu, kisha wakaendelea kutazama gari nililoshukia. Nikawauliza wanamngoja nani. Mmoja akasema wanamngoja mwinjilisti. Nikawaambia ameshafika, na ana njaa. Walicheka kwa adabu, lakini ilichukua muda kabla hawajaacha kunitambulisha kwa wageni kama mke wa mtu fulani atakayefuata.

Kanisa lilikuwa la matofali ya saruji na mabati. Kengele ilikuwa ringi kuukuu ya trekta, iliyotolewa na shamba la mkonge, ikatundikwa kwa mnyororo kwenye mfenesi, na kipande cha nondo cha kuigongea kikachomekwa kwenye panda ya mti. Iligongwa Jumapili na iligongwa penye msiba, na sauti yake ilifika hadi kambini kwa wakata mkonge na ng'ambo ya mto. Waumini walikuwa watoto na wajukuu wa manamba waliokuja zamani kukata mkonge, pamoja na Wasambaa walioshuka kutafuta mashamba. Majirani zetu walikuwa Waislamu, na mmoja wao, mzee wa asili ya Kiarabu mwenye minazi yake, alikuwa akinitumia salamu kila nilipochelewa kugonga. Alisema saa yake ya ukutani aliirekebisha kwa ringi yetu na hapendi ivurugwe.

Vifaa vyangu vya kazi vilikuwa nondo, baiskeli, Biblia na kitenge kikuukuu cha kukalia. Msikicheke kitenge. Mtu mwenye uchungu akikuletea kiti, umekuwa mgeni, na mgeni huambiwa mambo mazuri. Ukitandika kitenge jikoni kwake ukamenya naye mihogo, utaambiwa ukweli. Hilo nilifundishwa na Mzee Hermani, mchungaji mstaafu aliyekuwa akilima tangawizi na migomba jirani na kanisa. Jina hilo baba yake alipewa na wamisionari, mwana akalirithi, lakini alikuwa Msambaa kutoka utosini hadi nyayoni. Alisoma Kiebrania chuoni, na alikuwa bado anakisoma kila alfajiri kwa sauti, hata majirani wakadhani anaongea na mbuzi. Alinifundisha nisisuluhishe watu wenye njaa, nisiwaitishe wagombanao ofisini, na nisiseme neno upendo mpaka nimeshajua nani alimfanyia nani nini.

Kazi iliyonifundisha kazi ilikuwa ya Mama Yona.

Huyu alikuwa mjane aliyetumia ujana wake kukata mkonge, mikono imejaa makovu ya miiba. Mwanawe wa pekee, Yona, naye alifanya kazi shambani. Jioni moja alipanda juu ya tela lililojaa mkonge, likivutwa na trekta lililoendeshwa na Gidioni, kijana wa kanisa lile lile na kwaya ile ile. Gidioni alikuwa amekunywa. Tela lilipinduka darajani, na Yona akafa pale pale. Gidioni akafungwa. Alipotoka alikuja kanisani, akasimama mbele ya usharika akaungama kwa machozi, wazee wakamwekea mikono, wakamrudisha kundini, na kwaya ikaimba. Wote walifurahi, ila hakuna aliyekumbuka kumuuliza mama wa marehemu, naye alikuwa ameketi benchi la tatu.

Baada ya ibada Gidioni alimwamkia mlangoni, shikamoo mama. Mama Yona akapita bila kujibu. Tangu siku hiyo kila walipokutana njiani Gidioni alitoa shikamoo yake na hakupata marahaba. Nyinyi ni watu wa Tanga, hamhitaji kuelezwa. Mtu mzima kukunyima marahaba mbele za watu ni afadhali angekutukana. Wazee wa kanisa wakakaa kikao, wakaamua kwamba asiyemsamehe ndugu yake hastahili Meza ya Bwana. Wakamtenga mpaka atakapolainika. Nilipofika mimi, Mama Yona alikuwa amekaa benchi la nyuma kwa miaka, watu wakiinuka kwenda mezani yeye amebaki na mkoba wake. Na utaratibu wa mtaa ule ulikuwa kwamba mtu akifa akiwa ametengwa, majirani humzika wenyewe. Mwinjilisti havai kanzu, wala ringi haigongwi.

"Kamlainishe," aliniambia Mzee Petro, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu ya kuona mambo yamekaa sawa.

Nilikwenda na Biblia kwapani kama mnavyokwenda nyinyi. Nikatandika kitenge, tukamenya mihogo, na tulipofika katikati ya kikapu nikamsomea maneno ya Bwana pale mlimani, kuhusu kuwapenda maadui na kuwaombea wanaotuudhi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hayo nayajua," alisema. "Miye simfanyii Gidioni fitina, wala simsengenyi. Ila nikuulize, mwanangu. Gidioni aliungama kwa nani?"

Nikasema kwa usharika.

"Yona alikuwa mtoto wa usharika? Usharika ndio uliomzaa ukamnyonyesha? Kanikosea miye, akaenda kuomba radhi kwa Petro. Petro akamsamehe. Sasa kwangu mwataka nini tena?"

Nikamkumbusha kwamba Bwana msalabani aliwasamehe watu ambao hata hawakumwomba. Akachomoa mzizi kwenye muhogo, akautupa.

"Alimwomba Babaye awasamehe. Na miye kila siku namwomba huyo Babaye amsamehe Gidioni. Lakini mkono wangu hawezi kuushika kabla hajaja kwangu." Kisha akasema lile lililokuwa likimtesa. "Jambo moja tu lanitia hofu. Nataka siku yangu nigongewe ringi. Yona aligongewa. Nikenda kimya kimya, atajuaje kuwa ni miye nimekuja?"

Nililia njiani nikirudi, na sioni haya kulisema. Nilikuwa nimekwenda kumlainisha mtu, na mtu mwenyewe hakuwa mgumu.

Nilimkuta Mzee Hermani kwenye banda la ng'ombe la usharika, anabishana na Bwana Eli. Huyu Bwana Eli alikuwa Myahudi kutoka Israeli, mtaalamu wa ng'ombe wa maziwa, aliyeletwa kutufundisha ufugaji wakati usharika ulipoanza mpango wa kukopeshana ng'ombe. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani lakini kilichonyooka, na neno majani alilitamka vizuri kuliko neno habari. Wazee hawa wawili walipendana kwa sababu kila mmoja alipata mtu wa kubishana naye kuhusu maandiko, na ng'ombe walikuwa mashahidi wao.

Niliwasimulia ya Mama Yona. Mzee Hermani akasema ndiyo tofauti ya vitabu vyetu hiyo. Torati inamwangalia adui kwa mikono: ng'ombe wake akipotea umrudishie, punda wake akilemewa na mzigo umsaidie kumwinua. Injili inakwenda mbali zaidi, inamtaka adui mwenyewe apendwe, tena kabla hajaomba.

Bwana Eli alikuwa anakagua kwato za ng'ombe, hakuinua kichwa. Alisema kwamba sheria ya punda haikuulizi moyo wako ukoje. Inauliza punda yuko wapi. Moyo utafuata baadaye, na usipofuata, angalau punda amesimama. Akaongeza kwamba wazee wao walifundisha hivi: ukiwakuta rafiki na adui wote wanahitaji msaada wako, anza na adui, ili uuzoeze moyo wako kutii.

Mzee Hermani akamrushia zile zaburi zinazoomba meno ya adui yavunjwe, na vita dhidi ya Amaleki. Bwana Eli akakubali kwamba hata wao wanabishana juu ya hayo mpaka leo. "Lakini anayemwambia Mungu avunje meno," alisema, "mkono wake mwenyewe umetulia." Kisha naye akauliza ni wapi kwenye Torati pameandikwa umchukie adui yako, maana Wakristo humwambia kila mara kwamba pameandikwa.

"Hapapo," alijibu Mzee Hermani. "Nimepatafuta. Walikuwapo watu waliofundisha hivyo, na Bwana alikuwa akiwajibu hao. Torati haina neno hilo."

Mnaofundisha kipaimara, naomba msome tena mstari huo. Nimesikia mahubiri mengi yanayowafanya Wayahudi kuwa watu wa jicho kwa jicho na sisi watu wa huruma. Bwana Eli aliwahi kutuambia kwamba babu yake aliishi Ulaya katikati ya watu wenye andiko la kumpenda adui, na hakuliona likitumika kwake. Aliyasema hayo taratibu, kisha akaomba ndoo ya maji.

Siku ile ya ubishi bandani pia alitueleza desturi yao. Kila mwaka wanayo Siku ya Upatanisho, wanafunga na kuomba toba. Lakini toba ile inafuta makosa kati ya mtu na Mungu tu. Ulilomkosea mwenzako halifutiki hadi uende kwake mwenyewe ukamwombe radhi. Akikukataa urudi, hadi mara tatu. Na hakuna mtu baki, hata kuhani, mwenye ruhusa ya kusamehe kwa niaba yake. Mzee Hermani alisema kwetu hatungoji kuombwa. Bwana Eli akasema kwao hakuna wa kusamehe badala ya mwenye jeraha. Walibishana hadi maziwa yakapoa. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua yale yale mahubiri ya mlimani, juu kidogo ya mistari niliyomsomea Mama Yona, na nikakuta Bwana anasema kwamba ukileta sadaka madhabahuni na nduguyo ana neno juu yako, iache sadaka, uende ukapatane naye kwanza. Mwenye kutakiwa aende ni yule aliyekosa. Wazee wetu wa kanisa walikuwa wameusoma ukurasa huo kuanzia chini.

Sasa huo mpango wa ng'ombe ulikuwa hivi. Familia moja inapewa mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, akiwa na mimba. Ndama jike wa kwanza inamlea, na akifikia umri wa kupandwa inamkabidhi kwa familia ya pili, mbele ya usharika, kwa kumpa kamba mkononi. Nani ampe nani huamuliwa kwa kura ibadani, ili pasiwe na manung'uniko. Siku ya kura Mama Yona alipata ng'ombe wa kwanza, maana wajane walitangulia. Vikaratasi vya watakaopokea vikachotwa kwenye kofia ya Mzee Petro. Cha atakayepokea kwa Mama Yona kikafunguliwa, na aliyekifungua akashindwa kukisoma. Kilikuwa na jina la Gidioni.

Mzee mmoja akataka kura irudiwe. Mzee Petro akasema ni ishara kutoka juu, na nikaona uso wake uking'aa, kwa sababu alishapata mahali pa kufanyia upatanisho wake. Mama Yona akasimama kwenye benchi la nyuma. "Kura ni kura," alisema, akaketi.

Ng'ombe wake alizaa jike. Watu walianza kupita nyumbani kwake kwa visingizio vya kila namna, kuomba moto, kuomba chumvi, ili wachungulie banda. Wengine walitegemea kukuta ndama amekonda mbavu nje. Walikuta ndama anang'aa. Jirani mmoja alishindwa kuvumilia, akamuuliza anawezaje kumlisha vizuri hivyo ng'ombe wa mtu aliyemuulia mwanawe. Mama Yona akamjibu kwamba ng'ombe hajaua mtu.

Niliposikia jibu hilo nikamwendea Bwana Eli. Nilimwomba aweke sharti kwamba kila atakayepokea mtamba awe analeta majani mwenyewe kwa anayemlea, ili mnyama amzoee bwana wake mpya. Alinitazama, akaelewa, akasema kitaalamu si lazima lakini halina madhara. Likatangazwa kwa wote. Kisha nikaenda kwa Gidioni. Huyo kwake sikuhitaji kitenge, alinipokea amesimama, akaniambia nimwache, maana ameshaungama mara moja na mama yule hamtaki. Nikamwambia hakuungama kwake. Aliungama mahali ambapo kulikuwa rahisi.

"Naogopa kumtazama," alisema Gidioni.

"Basi usimtazame. Peleka majani."

Nikamwambia na lile la Bwana Eli: siku utakapoweza, umwombe, na akikukataa urudi.

Alianza kupeleka. Alikata majani ya tembo kando ya mto, akafunga mzigo, akautua penye uzio wa Mama Yona, akatoa shikamoo kwenye hewa tupu na kuondoka mbio. Mama Yona alikuwa akitoka baadaye, akauvuta mzigo ndani, akalisha. Iliendelea hivyo hadi mvua za vuli. Mzee Petro akaniuliza nimefikia wapi na kumlainisha. Nikamwambia tumefikia kwenye majani.

Asubuhi moja Gidioni alipotua mzigo alisikia sauti upande wa pili wa uzio. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza ya Mama Yona kwake tangu msiba.

"Majani yana umande. Ukimlisha mtamba majani ya umande atavimba tumbo. Weye hukufundishwa?"

Gidioni akasema amefundishwa, mama, amesahau. Akaambiwa ayaanike kwanza. Akayaanika pale pale juu ya uzio, na wakati wa kuanika alilazimika kusubiri, na wakati wa kusubiri hakuwa na pa kukimbilia. Hapo ndipo alipoomba. Yaliyosemwa nilisimuliwa na Mama Yona mwenyewe tukimenya mihogo. Gidioni alisema, mama, nilikuwa nimekunywa, na Yona aliniambia nipunguze mwendo, sikumsikiliza. Neno hilo la Yona kumwonya hakuwahi kulisema mahakamani wala kanisani. Mama Yona alishika uzio. Akamwambia amesikia, aende, na kesho asisahau pumba.

Gidioni alikuja kwangu amenyong'onyea, akasema amekataliwa. Nikamwambia hakukataliwa, aliagizwa pumba.

Mara ya pili alipokuja kuomba, Mama Yona alimruhusu aingie hadi mlango wa banda, na badala ya kumjibu, akamsimulia Yona. Alimweleza alivyozaliwa miguu ikitangulia, alivyopenda ukoko wa wali, alivyokataa kuvaa viatu hadi alipoanza shule. Gidioni alisimama na mzigo kichwani muda wote ule, maana hakuambiwa autue. Mama Yona aliniambia alitaka mtu yule ajue alichokivunja, kipande kwa kipande, asije akaomba msamaha wa kitu asichokijua. Kwa miaka yangu yote ya kazi sijasikia mwalimu wa theolojia akiieleza toba vizuri kuliko hapo.

Mara ya tatu alikuja asubuhi, majani makavu, pumba kwenye kiroba. Akatoa shikamoo yake ya kila siku, bila kutegemea kitu.

"Marahaba," alijibu Mama Yona. "Majani weka pale."

Gidioni akakaa chini kwenye samadi akalia. Mama Yona alimwacha alie, akaendelea kukamua. Alipomaliza akampa kikombe cha maziwa, akanywa. Hawakumwambia mtu yeyote. Mimi nilijua kwa sababu ya mihogo.

Siku ya kukabidhi mtamba kanisa lilijaa mpaka madirishani, na hata majirani zetu Waislamu walikuja kusimama uani, maana habari ilikuwa imeenea. Bwana Eli alikuwapo, na Mzee Hermani na fimbo yake. Mchungaji wetu akaomba. Mama Yona akamtoa mtamba, amesafishwa, kamba mpya ya katani shingoni, akaiweka kamba mkononi mwa Gidioni. Mtamba alimfuata Gidioni mara moja, kwa kuwa alishamzoea.

Hapo Mzee Petro akasimama. Alikuwa amejiandaa, nilimwona kwa jinsi alivyofunga vifungo vya koti. Akasema kwa sauti ya ibada kwamba huu ndio wakati, na sasa Mama Yona atamke mbele ya usharika kwamba amemsamehe ndugu yake, ili afunguliwe na kurudishwa Mezani. Kila mtu akamgeukia. Mimi ningeweza kusema, lakini halikuwa neno langu.

Mama Yona alimtazama Mzee Petro bila hasira.

"Mtamba huyu ni wa usharika," alisema, "ndiyo maana nimempa mbele yenu. Lile jingine lilikuwa langu. Nimempa nyumbani."

Mzee Petro akamtazama Gidioni. Gidioni akaitikia kwa kichwa, kamba mkononi. Nampa Mzee Petro haki yake: hakulazimisha. Aliinamisha kichwa, akasema kumbe tulitangulia kutoa kisicho chetu, akamwomba Mama Yona radhi, palepale, yeye na wazee wenzake. Mama Yona akasema amesikia, na uso wake ukaonyesha kwamba wao pia watarudi nyumbani kwake. Walirudi, wakiwa na sukari.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Mama Yona aliinuka kutoka benchi la nyuma, akauacha mkoba wake, akaenda mbele. Hakupiga magoti karibu na Gidioni, tusitie chumvi. Alipiga upande wa pili. Nilikuwa nimeshika kikombe nikimsaidia mchungaji, naye akakishika kwa mikono yake yenye makovu, akanywa.

Baadaye nilimuuliza swali lililokuwa likiwagombanisha wale wazee wawili bandani. Nilitaka kujua alimsamehe lini, kabla hajaombwa au baada. Akasema kamba alishailegeza zamani, hata yeye hajui lini, ila wa kuishika ilibidi aje mwenyewe. Nilimpelekea Mzee Hermani jibu hilo, akacheka, akasema basi yeye ndiye aliyeshinda ubishi. Bwana Eli alipolisikia akasema hapana, ameshinda yeye. Waliagana bado wanabishana, siku Bwana Eli aliporudi kwao, na Mzee Hermani alikaa mwezi mzima hana raha.

Tangu hapo kila nilikohamishwa niliitumia njia ile. Nilikwenda kwanza kwa aliyekosa, si kwa aliyekosewa. Nilitafuta kazi ya mikono ya kuwakutanisha kabla ya neno la kinywa: uzio, kisima, majani. Sikukubali kikao chochote kisamehe kwa niaba ya mtu. Na nilihubiri kuwapenda maadui kwa sauti kubwa, kwa kuwa neno hilo naliamini, ila sikumhubiria mwenye jeraha peke yake wakati aliyemjeruhi ameketi kivulini. Imewahi kushindikana, nisiwadanganye. Mara nyingi ilifaulu.

Mama Yona alifariki kabla sijahama mtaa ule, usingizini, amezeeka vizuri. Nilivaa kanzu. Nilipotoka kwenda kwenye mfenesi nikamkuta Gidioni amesimama chini ya ile ringi ya trekta. Tangu atoke gerezani hakuna aliyewahi kumwona akiisogelea, na sikumlaumu. Aliniamkia, akaniomba aigonge yeye.

Nikampa nondo. Akagonga kwa nguvu, akarudia, hadi kambi nzima ikatoka nje na ng'ambo ya mto wakasimamisha majembe. Nilipomwambia inatosha, alisema bado kidogo, Mwinjilisti, lazima Yona asikie.